Mada "nyumbani", malipo kinywaji kimoja

Jamani ngoja nitoe ya moyoni. Waandaaji wa usiku mmoja wa sanaa hapa Manchester waliniandikia, ule wa vipaji chipukizi, mashairi, gitaa, wachekeshaji, picha ukutani, na kila usiku una mada yake. Safari hii mada ni nyumbani, eti wangependa sana nizungumzie "safari yangu". Safari gani? Mimi nilipanda ndege, nikalala, nikaamka tumefika.

Ndo shida ya hizi mada. Mzungu akipewa "nyumbani" anasoma shairi la paka wake, watu wanacheka, imeisha. Sisi tukipewa hiyohiyo tunategemewa tulie. Kuna dada wa Uganda mchekeshaji hatari, anamchana bosi wake vizuri kabisa, lakini unaona kabisa ukumbi unasubiri ataanza kuhuzunisha saa ngapi.

Mimi nikaenda na shairi la mapenzi, tena la kisawasawa, mizani 16 kila mstari, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Emsii akataka kwanza nieleze muktadha. Nikamwambia muktadha ni kwamba nilikataliwa. Walinipanga kwenye kipengele cha slam, yaani mashindano ya kughani mashairi jukwaani, ule mtindo alioanzisha fundi ujenzi mmoja wa Chicago, Marc Smith, miaka ya 1980, dakika 3 tu na majaji wanaokotwa humohumo kwenye watazamaji. Nikajua hapa sipati kitu, nani ataelewa. Weee! Ubeti wa pili mzee mmoja mbele kashaanza kugonga goti lake na kidole, kila kina cha kati kinapodondoka na yeye anadondosha, hajakosea hata mara moja, na Kiswahili hajui hata habari. Hiyo nakiri ilinikuna.

Sasa malipo. Kuponi ya kinywaji kimoja na "utaonekana". Mlangoni wamekata tiketi pauni 8 kila kichwa na chumba kimejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, nyie pigeni hesabu. Sisi tuliokulia penye taarabu tunajua, mtu akikugusa unainuka na noti unaenda kumtunza mbele za watu, hapa wanakupigia vidole ta ta ta basi, tena vidole vikavu.

Na mnaoniuliza inbox "kaka nije na sanaa yangu huko", someni masharti ya viza kwanza. Ukija kama mwanafunzi wa shahada unaruhusiwa kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini za kuajiriwa, kujiajiri hapana, na kazi ya burudani nayo imekatazwa. Kwa hiyo hata wakitaka kukulipa kwa shoo, hiyo hela ni balaa lako. Mimi nimeanza kutoa invoisi baada ya kuhamia viza ya waliohitimu, kabla ya hapo nilikuwa napanda bure na mdomo nafunga. Msidanganywe na clip za watu waliosimama kwenye maiki.

Usiku ujao mada ni "mizizi". Nimeshawajibu nakuja, na shairi la jamaa ninayeishi naye anayeniibia maziwa kwenye friji, na invoisi nimeambatanisha kabisa. Mpaka sasa kimya.