Kijiwe cha shingoni

Nilikuwa namnyoa mwanangu uani, Kibaigwa, msimu wa mahindi, malori yamejaa barabarani. Alikuwa na miaka 7. Chini ya sikio la kushoto kidole changu kikagota kwenye kitu kigumu ndani ya ngozi, kama punje ya hindi kavu. Nikamuuliza kama kinauma.

"Hakiumi, mama. Ni kijiwe changu."

Zahanati wakasema tezi. Tukapewa amoksilini, ikaisha, tukapewa tena. Bibi yake akawa anamkanda kwa maji ya moto na chumvi kila jioni, kwa mapenzi yote, na kijiwe kipo palepale. Miezi minane ikapita, kikafikia karanga. Usiku nilikuwa nakipapasa akiwa amelala. Neno saratani sikulitamka kwa yeyote, hata kwa baba yake.

Dodoma, kwenye hospitali ya rufaa, daktari wa upasuaji aliivuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili. Kile kitu kikajitokeza na kona zake, kama nguzo zinavyoinua turubai. Akabonyeza upande mmoja, wa pili ukainuka.

"Mama, hebu shika mwenyewe. Tezi haiko hivi."

Nikashika. Akasema anadhani ni pilomatrikoma, uvimbe unaoanzia kwenye shina la unywele. Seli zake hufa na kujaa chokaa, ndiyo maana ya ugumu ule. Huwapata zaidi watoto, kichwani na shingoni, na si saratani. Ila hauondoki kwa dawa wala kwa kukandwa. Hukatwa wote.

Ulikatwa, ukapelekwa maabara. Wiki mbili za kusubiri majibu sijui nilipika nini. Yakaja: seli zimepoteza viini, zimebaki kama vivuli, na hiyo ndiyo alama yake. Nililia koridoni mpaka mama mmoja akanishika mkono kunipa pole, nikashindwa kumweleza kwamba ni furaha.

Baadaye nilisoma kwamba Malherbe na Chenantais, walioueleza uvimbe huu mwaka 1880 kule Ufaransa, walidhani unatoka kwenye tezi za mafuta. Kinyongo changu na zahanati kikapungua sana siku hiyo.

Lakini siku ya majibu, kwenye basi la kurudi, mtoto alitaka kijiwe chake. Nikamwambia kimebaki maabara. Alinuna hadi Mbande.