Usiku Mitandao Ilipozimika

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021 shule zilikuwa zimefungwa kwa wiki moja. Ilikuwa ile kalenda ya mbio iliyofuata korona: muhula wa kwanza umeisha Oktoba mosi, wa pili unaanza tarehe 11. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa kidato cha pili na alikuwa nasi nyumbani, mtaa wa Umoja, Nairobi.

Simu yake ilikuwa imeingia nyumbani kwa nia njema kabisa. Machi 2020, kabla hajamaliza hata muhula mmoja wa sekondari, shule zote nchini zilifungwa na walimu wake wakaanza kutuma mazoezi kwa WhatsApp. Mama akatoa pesa za chama chao cha kuweka akiba akamnunulia. Januari 2021 darasa lao lilirudi shuleni, mazoezi ya simu yakaisha, simu ikabaki. Kufikia Oktoba alikuwa analala nayo chini ya mto. Tulilala chumba kimoja, kwa hiyo najua: nikigeuka usiku wa manane nilimkuta anamulikwa uso na kioo ndani ya blanketi. Asubuhi haongei. Chapati, ambazo zamani tulizigombania naye, alikuwa anazimegamega tu na kuziacha kwenye sahani.

Mama alihesabu saa. "Umeishika hiyo kitu tangu asubuhi," ndiyo ilikuwa salamu ya jioni, na mtoto anajibu, "Lakini Mama, nilikuwa nimeiweka chini," na ugomvi unaanza hapo.

Jioni hiyo, saa kumi na mbili na nusu imepita kidogo, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja dunia nzima. Sisi hatukujua ni dunia nzima. Kila mtu alidhani ni bando lake limeisha. Jirani alitoka kwenye ngazi akauliza kama waifai ya ploti imelipiwa. Mdogo wangu alizima simu, akaiwasha. Akatoa laini, akaipangusa kwa pindo la fulana, akairudisha. Akateremka dukani kununua kredo, akarudi anahema, akajiunga na bando jingine, na bado. Kidole gumba kinavuta kioo chini, kinaachilia, kinavuta tena, na kile kiduara kinazunguka tu. Niliona mkono wake unatetemeka.

Nikamwonyesha Twitter, ambako Facebook, kampuni yenye mitandao yote hiyo mitatu, ilikuwa imeandika kwamba inajua watu wanashindwa kuingia. TikTok kwake ilikuwa inafunguka vizuri. Hakuigusa. Nikajiuliza: huyu tunayesema amelewa simu, mbona simu anayo mkononi na haimtoshi? Kuna mahali pamoja alitaka kufika, na pamefungwa.

Mama akapakua ugali na sukuma wiki aliyonunua soko la Mutindwa. Kafyu ilikuwa bado ipo, saa nne kila mtu ndani, hivyo hapakuwa na pa kukimbilia. Tukala. Simu ilikuwa kando ya sahani yake, kioo juu. Baada ya muda akasema, bila kumtazama mtu:

"Sijui saa hii wanasema nini."

"Akina nani?" Mama akauliza.

Ndipo yakatoka. Jumamosi alikuwa amepandisha picha yake akiwa amevaa rinda la harusi ya binamu yetu. Wasichana fulani wa darasa lake wakaipiga skrinshoti, wakaipeleka kwenye grupu, wakachora duara kwenye tumbo lake na duara jingine kwenye chunusi za paji la uso. Yeye aliifuta picha yake, lakini ile ya grupu hakuwa na uwezo nayo. Kila akiangalia anakuta maneno mapya, na asipoangalia ni vibaya zaidi, kwa sababu anayatunga mwenyewe kichwani.

"Mama, nikilala najua wanaandika."

Mama aliweka tonge chini. Sikumsikia akitaja saa tena usiku huo. Alivuta kiti chake hadi ubavuni mwa mtoto, akamwuliza ni nani mwingine anajua. Hakuna. Wakazungumza hadi majirani wakazima taa, na mimi nikatoa vyombo polepole ili nisiwakate. Mitandao iliporudi usiku wa manane, mdogo wangu alikuwa amelala mgongo umegusa wa Mama.

Kesho yake nilisoma kwamba ilikuwa amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida, ikakata mawasiliano kati ya vituo vya data vya Facebook. Siku hiyohiyo, Oktoba 5, Frances Haugen, aliyewahi kufanya kazi Facebook, alikuwa mbele ya maseneta wa Marekani akieleza nyaraka za ndani alizozitoa. Katika utafiti wa kampuni yenyewe, kati ya wasichana waliosema wanaona vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwazidishia. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama jikoni na nikakasirika sana, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kuhusu watoto wa mbali na ilinisimulia habari za chumba changu.

Shule zilipofunguliwa Mama alienda kumwona mwalimu wa ushauri nasaha. Grupu lilivunjwa, wazazi wakaitwa. Nyumbani simu zetu sote, ya Mama na yangu pia, zilianza kulala sebuleni kando ya redio. Siku za kwanza alilia kwa hasira. Usingizi ndio uliorudi mwanzo, kisha chapati. Maneno yalichelewa, na mwalimu yule alimwona mara nyingi kabla hajaanza kutuchekesha tena.

Siku hizi yuko chuo kikuu. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya, akasoma, akasema niandike lakini nimeacha jambo. Mitandao iliporudi, ujumbe wa kwanza aliousoma asubuhi ulitoka kwa msichana mmoja wa darasa lake aliyekuwa amewajibu wale wengine ndani ya grupu lile lile, peke yake, na kuwaambia waache. Bado ni marafiki. "Hilo nalo liweke," akaniambia.