Anza na usajili: ushauri kwa anayesomea ukarani wa hospitali

Wanaotaka kusomea kazi hii huulizia kwanza programu ya kompyuta itakayofundishwa. Programu hubadilika ukihama kituo, na ukishaijua moja, ya pili haikusumbui sana. Kinachohitaji mazoezi ya muda mrefu ni kumsajili mgonjwa bila kukosea, na chuo kisichokuketisha dirishani chini ya msimamizi kimekunyima kiini cha kazi.

Usimwulize mgonjwa, "Wewe ndiye fulani?" Mwenye homa kali au asiyesikia vizuri ataitikia tu. Mwache ataje mwenyewe majina yake yote na tarehe ya kuzaliwa, kisha linganisha na kitambulisho. Tarehe nayo ina mtego: 03/04 kwa mmoja ni Aprili, kwa mwingine ni Machi, kwa hiyo andika mwezi kwa herufi. Kabla ya kufungua faili jipya, tafuta la zamani kwa jina la ukoo, ukilikosa tafuta kwa tarehe ya kuzaliwa, halafu kwa namba ya simu, maana huenda jina liliandikwa kwa tahajia nyingine. Mtu akiwa na mafaili mawili, mzio wa penisilini ulioandikwa katika la kwanza hauonekani kwa daktari anayesoma la pili.

Masijala za karatasi bado zipo, na nyingi hupanga kwa tarakimu za mwisho. Faili 48-32-17 hutafutwa kuanzia nyuma: rafu ya 17, kundi la 32, kisha nafasi ya 48. Hivyo mafaili mapya husambaa kwenye rafu zote badala ya kubanana upande mmoja. Faili likitoka, acha kadi mahali pake yenye tarehe na jina la aliyelichukua.

Madai ya bima mara nyingi hukwama kwa mambo madogo: namba ya uanachama imekosewa, kadi imeisha muda, kibali cha awali hakikuombwa, au msimbo wa ugonjwa hauendani na huduma iliyotolewa. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, I10 ni shinikizo la juu la damu na E11 ni kisukari cha aina ya pili. Toleo la ICD-11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022, kwa hiyo hakikisha unafundishwa hilo pia. Jifunze pia istilahi za mwili kwa uangalifu: ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ilium ni mfupa wa nyonga. Mwandiko wa daktari usiposomeka, mrudie yeye. Karani habuni ugonjwa, hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

Na simuni, anayetaja maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au damu isiyokatika hapangiwi miadi. Mwunganishe na muuguzi papo hapo, ukiwa tayari umeandika namba yake ya simu na mahali alipo, kwa sababu laini huweza kukatika.