Majina ya watu wa kisiwa changu

Riwaya ninayoandika inatokea kwenye kisiwa kisichokuwemo kwenye ramani. Kuna wachawi wa bahari, kuna jahazi zinazokwenda bila tanga, kuna mfalme mwenye vivuli viwili. Hayo yote yalikuja haraka. Kilichonikalisha kitako ni majina.

Ule mtindo wa kubandika q, x na alama ya juu katikati ili jina lionekane la ajabu niliukataa mapema. Alama hiyo kwetu ina kazi tayari, muulize ng'ombe. Lakini hata jina la silabi laini za Kiswahili linaweza kugoma. Likianza na Ame-, Ana- au Ali-, jicho linaona kitenzi kabla ya kuona mtu. Andika "Anasiri aliingia barazani" uone: msomaji ameshajua kwamba mtu huyo ana siri, na wewe ulikuwa unamtambulisha tu. Likiishia na -ni linageuka mahali. "Mwereni alikasirika" ni kama kijiji kizima kimenuna. Akina Selemani na Athumani wanapona kwa kuwa tumewazoea.

Nikaacha kuunganisha silabi nikaenda kwa mabaharia. Nahodha wangu ana mapacha, Omo na Demani. Omo ni mbele ya chombo. Demani ni kamba ya kushikia tanga, na pia ni msimu wa kusi inapolegea. Tezi, yaani nyuma ya chombo, angefaa kuwa ndugu yao, na methali ya tezi na omo ingenibeba, ila siku hizi neno hilo linampeleka msomaji hospitali moja kwa moja. Nikamwacha. Mpiganaji wangu anaitwa Kusi, jina la upepo wenyewe, na sarufi inanisaidia bila kuombwa: Kusi alipanda jahazini, kusi ikampiga usoni. Hata ukimsomea mtu kwa sauti, asiyeziona herufi kubwa, hapotei.

Vyeo navyo vilipunguza kazi. Ukishaandika Mwinyi, Jumbe, Fumo au Mwana, nusu ya mtu imeshasimama, na jina linalofuata linaweza kuwa fupi, la kawaida kabisa. Mzee wa nyota ni Fumo Kilimia, kwa jina la lile kundi la nyota, basi.

Hata hivyo kisiwa kilipata uhai pale nilipojiuliza watu wake huwapaje watoto majina. Huku kwetu jina mara nyingi lina kisa: Chausiku alizaliwa usiku, Masika alikuja na mvua, Tabu na Mashaka tusiulize. Wasukuma wana Kulwa na Doto kwa mapacha, na Shija kwa anayezaliwa baada yao. Mimi nikachukua maji. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, bahari inapojaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka kwa nguvu. Kisiwani kwangu mtoto wa bamvua hupewa jina siku hiyo hiyo: mvulana ni Bamvua, msichana ni Mwanabamvua, kwa mfano ule ule wa Mwanajuma na Mwanaidi. Wa maji mafu hana jina mpaka bahari ijae tena, karibu wiki nzima, na katika siku hizo mchawi ana haki ya kumdai. Sikupanga hilo liwe kiini cha riwaya. Nilikuwa natafuta jina la binti mmoja tu.

Mchawi mwenyewe anaitwa Mama Sikujua. Nani asiyeitwa kwa jina la mwanawe? Ila huyo Sikujua hakuna aliyewahi kumwona, na wanakisiwa wana adabu mno kuuliza.

Kipimo changu ni shangazi, asiyesoma riwaya. Namwambia kwa sauti ya umbea, "Shangazi, umesikia Mwanabamvua kaolewa?" Akijibu "Mtoto wa nani huyo?" jina limepita. Akisema "Huyo mtu wa wapi?" nalirudisha jikoni. Omo alipita mara moja. Kilimia alipita na nyongeza, maana shangazi alinikumbusha kwamba kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, na maneno hayo sasa yamo kwenye sura ya saba kinywani mwa Fumo.

Adui mkuu sikumpa jina. Wazee usiku hawamtaji nyoka, humwita kamba. Basi nao wanakisiwa, kwa hofu ile ile, humwita Uzi. Mdogo wangu, anayesoma kila sura ikitoka, ananisumbua nimtajie jina lake la kweli. Namwambia asubiri kuche.