Kumbukumbu ya mradi: faili lina saizi kamili, gzip inalikataa

Hatimaye nimemkamata mchawi wa yale mafaili ya mvua wakuu, na naandika leo leo hasira ikiwa bado ya moto maana hili dude limeninyima usingizi.

Kwa aliyechelewa: nachora grafu ya mvua ya Kilosa mwezi kwa mwezi kuanzia 1981, data ni CHIRPS, ile ya Climate Hazards Center pale Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, wanaochanganya picha za satelaiti na vipimo vya vituo vya ardhini halafu wanakupa ramani yenye vipikseli vya nyuzi 0.05, yaani kama kilomita tano na ushee kila upande. Nachukua zile za Afrika za kila mwezi, tif.gz (picha za ramani zilizobanwa kwa gzip), mafaili zaidi ya 500. Hakuna sayansi ya roketi hapo, ni lupu ya bash (amri zinazojirudia), curl ya kushusha mafaili, na bando la simu. Kuanzia hapo kwenye bando ndo hadithi yenyewe.

Skripti ilikuwa inazunguka miaka na miezi, inauliza seva saizi ya faili kwa curl -sI, inalinganisha na lililopo kwenye diski, kama lililopo ni dogo inaendelea kushusha kwa curl -fL -C - mpaka litimie. Bando likiisha naweka vocha, naiwasha tena, inaendelea ilipoishia. Kwenye makaratasi safi kabisa. Ikamaliza yote, saizi zote zinalingana na za seva baiti kwa baiti, nikajipigia makofi, nikaanza kusoma thamani za Kilosa na gdallocationinfo (kumbuka ukiandika /vsigzip/ mbele ya jina la faili huna haja ya kufungua gz, inasoma humo humo, raha sana) na hapo ndo mafaili kadhaa yakagoma. gzip inasema "not in gzip format". Saizi sawa! Jina sawa! Tarehe sawa!

Nikifuta faili moja na kulishusha upya linafunguka vizuri. Sasa hapo akili inaanza kuzunguka. Nikashuku diski, nikaendesha fsck, iko fiti. Nikashuku simu inayonigawia intaneti, nikabadilisha simu. Nikashuku hata toleo la gzip, ujinga mtupu, lakini saa nane usiku kila kitu ni mtuhumiwa. Watu wakaniambia kwenye DM "ni mtandao wako unaharibu data njiani", sasa TCP, itifaki inayobeba data mtandaoni, ina checksum (hesabu za kuhakiki) zake, na hata zingepenya baiti mbili tatu mbovu gzip ingeanza kulifungua kisha ilalamike data mbovu au CRC (hesabu ya kuhakiki iliyo mwisho wa faili), isingesema hili sio gzip kabisa. Kulikataa namna ile maana yake imekataa pale mlangoni, baiti za kwanza tu, zile 1f 8b zinazotambulisha faili la gzip.

Kilichonifungua macho ni vitu viwili. Kwanza, mabovu yanafuatana. Sio moja huku moja kule, ni kundi la miezi iliyoongozana, halafu mazima mengi, halafu kundi lingine. Pili, nikachukua bovu moja na zima lake nikayapambanisha kwa cmp -l, na orodha ya tofauti ikaanza baiti ya 1 ikakoma kabla hata ya kufika baiti ya 3,000. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa faili, MB nzima nzima, hakuna tofauti hata moja. Hapo nikasimama nikazunguka chumba. head -c 300 kwenye lile bovu, nakutana na <html>, na chini kidogo tangazo kwamba kifurushi changu kimekwisha, nunua kingine hapa.

Kichwa cha mbuzi kwenye mwili wa ng'ombe.

Inatokeaje? Linki niliyokuwa natumia, niliyoichukua kwenye skripti ya zamani, inaanza na http tupu. Bando likiisha kampuni ya simu haikati intaneti, inakurusha kwenye ukurasa wake wa matangazo, na -L yangu inafuata kwa utiifu (niliiweka kwa sababu karibu kila linki siku hizi inakurusha mahali pengine). Ukurasa unajibu 200, kila kitu shwari, kwa hiyo -f haina la kusema, yenyewe inashtuka kuanzia 400 kwenda juu. Curl inahifadhi ukurasa ule kwa jina la chirps-v2.0 ya mwezi fulani. Lupu inasonga mwezi unaofuata, ukurasa ule ule, unaofuata tena ukurasa ule ule, sekunde chache unakuta miezi kibao imejaa tangazo la bando. Nikiweka vocha skripti inakagua, inaona faili hili dogo mno, endelea lilipoishia. Curl inaomba seva "nipe kuanzia baiti ya elfu mbili mia tisa na kitu", seva ya kweli inajibu 206 (hii ni sehemu tu ya faili) na kutoa kilichobaki, kinaungwa nyuma ya tangazo. Jumla inatimia kabisa, lazima itimie, hesabu hairuhusu vinginevyo. Ukaguzi wangu wa saizi hauwezi kuliona tatizo hili hata siku moja maana tatizo lenyewe linajirekebisha saizi.

Na utamu wa kuudhi ni kwamba lile faili lililokuwa katikati ya kushushwa bando lilipokata lenyewe ni zima! Kwa sababu pale curl iliomba kuendelea ikajibiwa 200 badala ya 206, ikagoma na kutoka na namba 33, seva haijui kuendelea, haikugusa kitu. Kwa hiyo lililokatika lilipona, yaliyoharibika ni yale ambayo hayakuwa yameanza. Nilikuwa nachunguza upande usio wenyewe muda wote.

Kabla hamjasema "tumia wget" (mshushaji mwingine wa mafaili), wget -c nayo ingeunga vile vile, na manuali yake imeandika kabisa kuhusu proksi (seva ya katikati) inayochomeka maneno yake ndani ya faili ukabaki na uchafu. rsync, ile ya kunakili mafaili kati ya mashine mbili, peke yake ndo ingeniokoa kwa kawaida yake, maana ikimaliza inapiga checksum ya faili zima pande zote mbili (sio ukitumia --append tupu lakini, hiyo inaamini kilichopo, tumia --append-verify). Kwangu mimi rsync ni kitu cha heshima kuliko vyote kwenye terminali, tatizo huwezi kumlazimisha mwenye seva akufungulie rsync.

Dawa niliyoweka: linki https, na --proto '=https' ili hata ikirushwa isikubali kushuka kwenye http. Sasa bando likiisha kampuni haiwezi kujifanya Santa Barbara, cheti hakitalingana, curl inakufa na lupu inakufa nayo, sio kusonga mbele kama kipofu. Nimeongeza --speed-limit 1000 --speed-time 30 kwa sababu mara nyingine haikatai, inaning'inia tu. Faili linashushwa kwa jina la .part, kabla ya kuendelea naangalia baiti mbili za kwanza ni 1f8b, likitimia linapita gzip -t, likifaulu ndo nalipa jina lake kamili kwa mv. Nilifuta yote mabovu nikarudia, nikakata bando makusudi katikati, ikasimama. Nikaweka vocha, ikaendelea, yote mazima. Nilipiga kelele jirani akagonga ukuta.

Mpango ulikuwa hatua inayofuata ni grafu yenyewe, nione Desemba 2009 na Januari 2010 za yale mafuriko ya Kilosa yaliyobomoa reli ya kati zinasimamaje, halafu niirushe yote kwa rsync kwenye seva ndogo ninayolipia. Haijafanyika. Mjomba wa Kilosa kanipigia, kasikia nahangaika na mvua, akaniuliza swali moja: kesho ianikwe mpunga au isianikwe? Mvua ya 1981 haimhusu.

Basi nimeiacha grafu. Open-Meteo, huduma ya utabiri wa hali ya hewa, haitaki ufunguo wala usajili kwa matumizi yasiyo ya biashara, unaipa latitudo -6.83, longitudo 36.99, daily=precipitation_sum, inakupa JSON (data kwa maandishi), jq, programu ya kusoma JSON, inachomoa mvua ya kesho. Weka timezone=Africa/Dar_es_Salaam, bila hiyo siku inahesabiwa kwa GMT na mvua ya saa sita usiku mpaka saa tisa inaangukia jana yake. Kulinganisha usijaribu kwenye bash, 12.4 kwake sio namba, inalia "integer expression expected", linganisha ndani ya jq humo humo. Ila hapo kuna mtego ndugu wa ule wa kwanza: jq inaona null (hakuna thamani) ni ndogo kuliko namba yoyote. Huduma ikirudisha JSON isiyo na kipengele hicho, swali "je ni zaidi ya milimita 5?" linajibiwa hapana, na mjomba anatumiwa meseji aanike. Kwa hiyo kwanza hakikisha type ni "number", isipokuwa hivyo meseji isiende kabisa, bora anyamaziwe.

Meseji inatoka Termux (terminali ya Linux ndani ya simu ya Android) kwa termux-sms-send maana mjomba ana kiswaswadu, mambo ya Telegram hamuwezi kunishauri. Inafanya kazi ukiikimbiza kwa mkono. Kwa cron, inayoendesha skripti yenyewe saa uliyopanga, bado, simu inaiua Termux usiku skrini ikizima, nimewasha termux-wake-lock na kuitoa kwenye orodha ya kubana betri, leo usiku ndo jaribio. Mwenye simu ya bei ya chini iliyowahi kukesha na cron bila kufa aniambie alizima nini kwenye settings.