Miti iliyopinda ndiyo iliyonipa historia ya ziwa

Watu wawili watatu wameniuliza nilijuaje permafrosti, yaani ardhi inayokaa imeganda mwaka hadi mwaka, iliyolizunguka ziwa langu ilianza kuyeyuka lini. Ushauri niliopewa mimi mwanzoni ulinilia pesa na karibu msimu mzima, kwa hiyo wacha niandike nilivyofanya.

Ziwa lenyewe ni dogo, halina hata jina kwenye ramani. Liko bonde la Goldstream, nje kidogo ya mji wa Fairbanks, Alaska. Usifikirie Nyasa, ukirusha jiwe kwa nguvu unakaribia ng'ambo. Bonde hilo limejaa vumbi laini lililoletwa na upepo enzi za barafu, na ndani ya vumbi hilo kuna kabari za barafu tupu, nyingine zina upana wa mita na zaidi. Juu yake limelala tabaka la kuvumwani, vile vimea laini vinavyotandaa chini kama zulia, na juu ya kuvumwani imeota misprusi myeusi, miti ya nchi za baridi yenye majani kama sindano. Maadamu kuvumwani ipo, barafu inakaa salama. Ukiikwangua, au joto likizidi, kabari inayeyuka, ardhi inadidimia, maji yanatuama. Maji yakishatuama yanahifadhi joto hata wakati wa baridi, na dimbwi linaanza kula kingo zake. Mimi nilitaka kujua lini lilianza na lilikula kwa kasi gani.

Kila mtu alinielekeza kwenye setilaiti. Naipenda Landsat, setilaiti za Marekani zinazopiga picha za ardhi, picha zake ni za bure tangu 2008, lakini zile zinazoanzia 1984 pikseli moja, yaani kinukta kimoja cha picha, ni mita 30 kwa 30. Ziwa la pikseli chache likimeza mita mbili za ukingo, kwenye picha hakuna kilichotokea. Utakaa mbele ya kompyuta unakodoa macho mpaka uone unachotaka kuona. Zilizonisaidia ni picha za zamani: zile zilizopigwa kutoka kwenye ndege katikati ya karne iliyopita, pamoja na za setilaiti za kijasusi za Corona, zilizoruka kati ya 1960 na 1972 na picha zake zikatolewa hadharani kuanzia 1995. Ukizipanga juu ya ramani ya leo, usitumie kona za kijito kama alama, kijito huhama. Tumia makutano ya barabara. Nilipomaliza nilijua kwamba katika picha ya kwanza pale palikuwa msitu mtupu, na katika picha za baadaye pana doa jeusi la maji. Kati ya picha moja na nyingine kulikuwa na miaka mingi ya giza.

Hapo ndipo akaja mtaalamu mmoja, simtaji, akasema kwa uhakika wa ajabu: chimba tope la ziwa, chukua la chini kabisa, peleka maabara wakapime kaboni-14, kaboni yenye mionzi inayoonyesha umri wa mabaki ya viumbe, mchezo umekwisha. Tukatoboa barafu, tukashusha bomba, tukatoa nguzo ya tope nzuri sana, nyeusi, inanuka mayai viza. Nikalipa dola mia nne na ushee kwa kila kipimo. Majibu yaliporudi, tope la juu kabisa, ambalo halijamaliza hata miaka michache pale, lilisomeka lina umri wa maelfu ya miaka. La chini yake likasomeka changa kuliko la juu. Ziwa limezaliwa kichwa chini!

Sababu ukishaielewa inachekesha, ila si kwa aliyelipa. Kilometa chache kutoka pale, Fox, kuna handaki ambalo jeshi la Marekani lilichimba ndani ya permafrosti miaka ya 1960 kwa ajili ya utafiti. Ukutani unaona mifupa ya wanyama wa enzi za barafu na mizizi ya nyasi zilizoganda makumi ya maelfu ya miaka, na handaki zima linanuka uozo wa kale. Udongo wa aina hiyohiyo ndio unaobomoka kila kiangazi na kuingia ziwani. Kwa hiyo ukipima tope kwa jumla unapima umri wa ukingo ulioanguka. Kama huna budi kupima tope, tafuta vitu laini vilivyoanguka kutoka msitu wa siku hiyo: sindano za sprusi, mbegu za miti ya mbetula zenye vibawa vyake. Kitu laini namna hiyo hakivumilii kuzikwa, kufukuliwa na kuzikwa tena, kwa hiyo ukikikuta kizima kuna matumaini. Na kwa miaka mia moja na kitu ya karibuni tumia risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, ambayo hupungua nusu kila miaka 22 hivi, ukiipatanisha na kilele cha sesiamu-137, mionzi inayotokana na mabomu hayo ya nyuklia, cha 1963, mwaka ambao mabaki ya majaribio yake yalikuwa yamejaa hewani. Lakini mimi wakati huo mfuko ulikuwa umeshakauka.

Basi siku moja nimesimama pale ukingoni na hasira zangu, nikaitazama miti. Wenyeji wanauita msitu wa walevi, kwa sababu kila mti umeegemea upande wake. Ghafla nikamkumbuka mjomba wangu.

Mjomba ana mashine ya kupasua mbao Mafinga, Tanzania, na nimekulia pale, katikati ya magogo ya shamba la miti la Sao Hill. Msonobari ulioota kwenye mteremko au ulioegemea alikuwa anaukataa kabla hata haujashushwa kwenye lori. Alikuwa anatuonyesha kichwa cha gogo: kiini hakiko katikati, zile pete za ukuaji za kila mwaka ni nene upande mmoja, na upande huo mbao ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mbao ya hivyo ukiipasua inajikunja, fundi anakurudishia. Nikampigia simu usiku huohuo. Wakati wa baridi Alaska na nyumbani tunapishana saa 12 kamili, saa za ukutani zinasoma sawasawa, ila mimi nalala yeye anawasha mashine. "Shikamoo mjomba. Ile mbao nyekundu huwa upande wa juu au wa chini?" "Marahaba. Wa chini, upande inakoangukia. Mti unajisukuma usimame. Kwani huko nako wanapasua?"

Hapo nikawa na saa yangu. Misprusi nayo ni ya jamii ya misonobari, inafanya vilevile. Ardhi ikididimia chini ya mizizi, mti unaegemea, na kuanzia mwaka huo unaanza kutengeneza mbao nyekundu upande wa chini. Hesabu pete kutoka kwenye gome kuja ndani mpaka wekundu unapoanza, umepata mwaka ambao ardhi ilisogea. Kuna miti ambayo wekundu ulianza upande mmoja, ukakoma, ukahamia upande wa pili: ardhi ilizama huku, kisha ikazama kule. Mti mmoja ukaniandikia matukio mawili.

Tamu zaidi ni miti iliyokufa imesimama ndani ya maji. Kila mmoja aliuawa na ziwa lilipomfikia. Pete ya mwisho chini ya gome inatoa mwaka wa kifo; chukua ile tu ambayo gome lake bado limeshika. Panga miaka hiyo kutoka katikati ya ziwa kuja ukingoni na unaliona ziwa likitembea. Acha nafasi ya kukosea ya miaka michache, kwani mti hauzami leo ukafa leo.

Kuifikia nilisubiri Machi, barafu ikiwa nene, na bado nilitembea na ufito wa chuma nikigonga mbele yangu kila hatua. Gesi ya methani inapochemka kutoka chini huifanya barafu iwe nyembamba kama karatasi mahali pamoja, huku hatua mbili pembeni unaweza kuegesha gari. Keekee ya mkono ya kutolea sampuli usiibebe siku ya baridi kali, mti ulioganda unaikwamisha na kuivunja. Mti uliokwisha kufa ukate kisahani kwa msumeno, baada ya kuongea na mwenye eneo.

Kazi ya kuchosha iko mezani. Sprusi ya juu ya permafrosti inakua kwa shida. Shina la unene wa kifundo cha mkono linaweza kuwa na miaka mia, na pete nyingine hazifiki robo ya milimita. Piga msasa mpaka namba 600, loanisha kidogo, pitisha kwenye skana. Mwaka mbaya mti unaruka pete kabisa, kwa hiyo usihesabu mti mmoja ukajiamini. Linganisha na miti mizima ya kilimani penye ardhi isiyoyeyuka, ile miaka ya pete nyembamba ikubaliane kwa wote. Miti hiyohiyo ya kilimani ndiyo mashahidi wako: kama nayo iliinama mwaka huo, basi ulikuwa upepo au theluji nzito.

Nilichokipata kimewaudhi wengine. Alaska ilipata joto ghafla kuanzia 1976 na 1977, na kila mtu alitaka ziwa langu lianzie hapo. Upande wa mashariki kweli miti mingi iliinama baada ya hapo. Lakini upande wa magharibi ilianza kuinama mapema zaidi, kwenye mstari ulionyooka kabisa. Nikarudi kwenye picha za ndege na kukuta njia ya zamani ya magari, imekwanguliwa kuvumwani yote. Bonde hili lina dhahabu na lilishachimbwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, watu walikata, wakachoma, wakakwangua. Joto lilikuta sehemu ya kazi imeshaanzwa na tingatinga. Nimeandika hivyo hivyo, na mtaalamu wa tope hajanijibu.

Msasa wote, hata ukiongeza misumeno miwili niliyoharibu, haukufika bei ya kipimo kimoja cha maabara. Visahani viko stoo, vimeandikwa namba kwa kalamu ya risasi maana wino ulichuruzika. Mjomba anataka kimoja akaning'inize ofisini, nimemwambia achague chochote isipokuwa kile chenye wekundu pande mbili.