Pango la Makingeny na Swali la Horebu

Somo la wiki: 1 Wafalme 19:1–19

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Tukimtaja Eliya, wengi wetu tunamwona pale Karmeli, moto umeshuka na manabii 450 wa Baali wameishiwa maneno. Wiki hii naomba tukae naye sura moja mbele, akiwa mtu aliyechoka hata kuishi. Malkia Yezebeli ametuma mjumbe mmoja tu wa kumtishia kifo, na nabii amekimbia. Mtumishi wake amemwacha Beer-sheba. Ameketi chini ya mretemu jangwani akiomba afe, na baada ya safari ya siku arobaini mchana na usiku amefika Horebu, mlima wa Mungu, ameingia pangoni, amelala humo.

Sura hii imenikaa moyoni tangu tulipopanda Mlima Elgon na vijana wa kanisa kwenda kuliona pango la Makingeny. Ukitoka Kitale unapita Endebess, unaingia hifadhini kwa lango la Chorlim, halafu barabara ya murram inapanda ndani ya msitu wa podo na mierezi mikubwa. Mbega wanarukaruka juu, na askari wa wanyamapori anatangulia na bunduki kwa sababu ya nyati. Sehemu ya mwisho ni ya miguu. Kijito kinapita juu ya paa la pango na kujimwaga mbele ya mdomo wake, kwa hiyo anayetaka kuingia hupita nyuma ya maji, akishika mawe yenye utelezi, nguo zikilowa kwa manyunyu. Hapo hakuna mazungumzo. Kijana aliyekuwa nyuma yangu alikuwa akisema jambo, nami niliona midomo yake tu.

Pale mdomoni nilikumbuka Zaburi 42: "Kilindi chapigia kelele kilindi kwa sauti ya maboromoko ya maji yako." Mwenye zaburi ile naye alikuwa mbali na nyumbani, karibu na vilele vya Hermoni, akiulizwa kila siku Mungu wake yuko wapi. Anayasikia maji ya mlimani na anayaona kama mateso yanayompita juu ya kichwa. Lakini hata katika hali hiyo anasema ni maji "yako". Hajayatenga na Mungu.

Ukipita maji na kusonga ndani, ardhi inakuwa kavu, vumbi jepesi linapanda, harufu ya popo inakupokea, na giza linaanza. Ukigeuka unaona mwanga wa nje umekuja kwako kupitia maji yanayoanguka. Tulisimama pale kwa muda mrefu. Askari akatuonyesha kuta.

Nataka nieleze kuta hizo, kwa maana ndizo zilizonifundisha. Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, na mapango haya yamo katika tabaka la majivu na mawe yaliyotapikwa na mlima wenyewe, yakagandamana. Ndani ya tabaka hilo mna chumvi. Juu huko mvua ni nyingi, inaosha udongo, na majani hayana chumvi ya kumtosha mnyama. Basi ndovu wa mlima huu wamejifunza kuingia mapangoni usiku, hasa pango jirani la Kitum, linaloingia mlimani kiasi cha mita 200. Wanatembea kwenye giza totoro wakipapasa njia kwa mikonga, mama mbele, mtoto karibu naye, kisha wanang'oa vipande vya ukuta kwa pembe zao na kuvitafuna. Alama za pembe zimejaa ukutani. Kizazi baada ya kizazi wameupanua ukuta ule kwa njaa yao ya chumvi. Pongo na nyati nao huja. Wakishiba wanatoka, wanarudi msituni.

Wanadamu nao walikaa humo. Wasabaot wa mlima huu waliyafanya baadhi ya mapango kuwa makazi hadi enzi za ukoloni. Familia na ng'ombe wao waliingia usiku na nyakati za hatari, ng'ombe wakalamba chumvi ile ile, na asubuhi mifugo ikatolewa kwenda malishoni. Msafiri Joseph Thomson alipopita hapa mwaka 1883 aliyastaajabia mapango haya, akadhani yamechimbwa na watu wa kale.

Sasa mwone Eliya. Kabla hajaulizwa swali lolote, Mungu alimpa usingizi. Kisha malaika akamgusa: "Inuka, ule." Mkate umeokwa juu ya makaa, gudulia la maji liko kichwani pake. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena. Hakuna mahubiri katika aya zile. Hakuna anayemkumbusha Karmeli, wala anayemwambia mtumishi wa Mungu hapaswi kusema maneno ya namna hiyo. Naomba tuliangalie jambo hili kwa makini, hasa sisi tulio wepesi wa kushauri. Ndugu yetu akianguka katika huzuni, akaacha kuja ibadani, akazima simu, mara nyingi kitu cha kwanza tunachompelekea ni maneno. Tunamwuliza dhambi yake. Tunamwambia aongeze imani. Malaika wa Bwana alianza na mkate.

Na hata pango lenyewe halikuwa kosa. Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, aliwaficha manabii mia wa Bwana mapangoni, hamsini hamsini, akawalisha chakula na maji. Daudi alikimbilia pango la Adulamu, na wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni wakakusanyika kwake huko. Mungu anazo sehemu za kuwaficha watu wake, na anayefichwa hapaswi kuona haya.

Lakini neno la Bwana likamjia Eliya humo ndani: "Unafanya nini hapa, Eliya?"

Mimi silisikii swali hili kama karipio. Aliyeuliza ndiye aliyemlisha njiani mpaka hapo. Ila ni swali linalotaka jibu, na Eliya akalijibu: amekuwa na wivu mwingi kwa ajili ya Bwana, Israeli wameliacha agano, manabii wameuawa, amebaki yeye peke yake, nao wanamtafuta wamwue. Ukapita upepo wa kupasua miamba, kisha tetemeko, kisha moto, na baada ya moto "sauti ndogo, ya utulivu". Eliya akajifunika uso kwa vazi lake, akatoka, akasimama mlangoni pa pango. Akaulizwa swali lile lile. Na jibu lake, wapendwa, ni lile lile, neno kwa neno. Linganisheni aya ya 10 na ya 14.

Hili linanigusa kuliko moto na tetemeko. Mtu ameisikia sauti ya Mungu, na bado uchungu wake haujapungua hata neno moja. Tunawafundisha watu kwamba wakikutana na Mungu mlimani watashuka wepesi, mzigo umekwisha. Wengine hushuka hivyo, na tunamshukuru Mungu. Eliya hakushuka hivyo. Mungu hakubishana naye, hakumwambia huzuni yake ni ya uongo. Alimpa njia ya kurudi, watu watatu wa kuwatia mafuta, na habari moja ambayo hakuijua: kuna 7,000 katika Israeli ambao hawajampigia Baali magoti. Akatoka pangoni akiwa bado na huzuni, lakini akiwa na kazi.

Nasema haya kwa sababu ya jambo lililo karibu nasi. Huku kwetu watu hupanda milima ya maombi, wakafunga, wakakesha, wengine mapangoni kabisa. Nimeomba huko na ninaamini Mungu anasikia huko. Lakini nawafahamu pia waliopanda kwa siku chache na hawakurudi kwa miezi. Nyumbani kuna mke asiyezungumzishwa, kuna watoto, kuna deni ambalo mwenye duka analidai, kuna mgonjwa anayehitaji kugeuzwa kitandani. Maombi yamekuwa mahali pa kutoonekana. Tena mapango si mahali pa mwili kukaa siku nyingi. Mwaka 1980, na tena 1987, mtu aliyekuwa ameingia Kitum aliugua homa ya Marburg akafa, na leo inajulikana kwamba popo walao matunda hubeba virusi vyake. Wanaokwenda huko watii maelekezo ya askari, wavae barakoa, wasiguse popo wala kinyesi chao, na wasilale humo. Kutunza uhai alioutoa Mungu ni sehemu ya ibada yetu.

Ndovu wa Elgon huingia gizani kwa sababu kuna kitu humo ambacho msitu haukuwapa, nao hukichukua wakatoka. Mlima wenyewe nao haujizuilii maji yake. Mto Suam unatoka huko juu, ukishuka unakuwa Turkwel, unapita nchi kame mpaka Ziwa Turkana, na mbuzi wa watu wasiowahi kuuona msitu huu wanakunywa. Upande wa kusini maji mengine yanaingia Nzoia na kwenda Ziwa Viktoria.

Aya ya 19 inasema Eliya alipoondoka huko alimkuta Elisha akilima, jozi kumi na mbili za ng'ombe mbele yake, naye akiwa pamoja na ile ya kumi na mbili. Yule aliyesema amebaki peke yake anapata mwenzake shambani, katikati ya kazi, akiwa na matope na jasho. Hakumpata pangoni, wala asingempata huko.

Basi wiki hii, anayejiandaa kupanda kwa maombi amwambie mtu wa nyumbani mwake siku atakayorudi, kabla hajaondoka, na aiheshimu siku hiyo. Na kwa ndugu aliyejifungia ndani sasa hivi, ambaye labda anasoma haya kwenye simu ya mwanawe: hatutakuja na maswali. Akina mama wa zamu watapita Jumamosi na chakula. Mwenye kujua nyumba inayopaswa kupitiwa amjulishe mzee wa kanisa wa mtaa wake kabla ya Ijumaa jioni.